Mkwaruzo wa Ng'ombe wa Mahari

Kwanza, toeni nailoni.

Mnajua ninachosema. Ile ngozi laini inayobandikwa kiwandani juu ya kioo cha saa, nyingine nyuma yake, na vipande vingine kwenye cheni. Mnaiacha mwaka mzima mpaka inakunjamana pembeni, inakusanya vumbi la Babati na jasho la mwenyewe, halafu mnasema mnaitunza saa. Nimekaa kwenye meza ya ufundi saa, baraza ya duka moja karibu na soko, tangu nikiwa binti mpaka wajukuu wakaanza kuficha miwani yangu kwa utani. Nimebandua nailoni za watu wa kila aina, na chini yake nimekuta kutu, nimekuta chumvi, siku moja nikamkuta sisimizi amekauka pembeni ya namba sita. Mwenye saa alikuwa akidhani ni nembo ya kampuni.

Sasa nimestaafu. Vidole vinatetemeka, na fundi saa anayetetemeka akae mbali na skrubu za watu. Niko nyumbani Maisaka, nafuga kuku na kupalilia mahindi yangu ya nyuma ya nyumba. Lakini nyie vijana hamniachi. Mnapita na bodaboda, "Shikamoo Mama Saa," naitikia marahaba, hata sijamaliza mkono umeshanyooshwa: "Mama, angalia imekwaruzika. Nifanyie iwe mpya." Uso umekunjamana kama umepokea taarifa ya msiba. Saa nzuri, ya bei mbaya, umeihangaikia, imepata kamstari ubavuni, na wewe huli wala hulali. Ndiyo maana nimeamua kuandika haya. Someni, halafu mniache na kuku wangu.

Ufundi huu nilifundishwa na Mjomba Tluway, kaka wa mama yangu, aliyeshuka kutoka Mbulu na kisanduku cha kioo, koleo ndogo, na kile kidarubini cha kubana jichoni. Wakati huo saa nyingi zilikuwa za kutia ufunguo, na watu walikuwa wanazijaza kama gunia la mahindi, wanakaza mpaka utepe wa ndani unakatika. Baadaye zikaja za betri, kazi ikawa nyepesi na mimi nikanenepa. Halafu zikaja simu, kila mtu akawa na saa mfukoni, tukadhani tumekwisha. Hatukuisha. Watu walirudi kwenye saa za mkono, ila safari hii wanazivaa ili waonekane, na mtu anayetaka kuonekana anaogopa mkwaruzo kuliko anavyoogopa kuchelewa.

Mjomba alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao sijauona kwa fundi mwingine. Kabla hajafungua saa ya mtu, alimketisha mwenyewe kwenye stuli, akaigeuza saa taratibu, na kwa kila mkwaruzo akamuuliza, "Huu wa wapi?" Mteja lazima ataje, na ataje kwa sauti, ili Zakaria fundi viatu, jirani yetu wa baraza, asikie na awe shahidi. Aliuita kuisoma saa.

Utaratibu huo ulizaliwa na balaa. Mjomba alipokuwa kijana, mfanyabiashara mmoja wa vitunguu alimletea saa ya chuma iliyochakaa, aitengeneze tu ifuate majira. Mjomba akaona amfurahishe. Aliitengeneza, kisha akaisugua polishi kutwa nzima mpaka ikawa kama kijiko cha mgeni. Mwenyewe alipoifuata akaitazama, akairudisha mezani. "Hii si yangu. Yangu ina alama hapa, niliibamiza kwenye mlango wa lori." Mnajua sifa ya mafundi saa, kwamba tunachomoa mashine nzuri na kuweka mbovu. Watu wakajaa. Soko zima likawa na hakika kwamba Mjomba ni mwizi. Ilibidi mke wa yule bwana aitwe kutoka nyumbani, akaja, akanusa mkanda wa ngozi, akasema, "Ni yenyewe, twende." Tangu siku hiyo Mjomba hakumfutia mtu alama bila kuijua kwanza.

Na sasa niwaambie kuhusu kufuta, maana hapo ndipo mnapodanganyana. Kama kioo cha saa yako ni cha plastiki, chukua dawa ya meno na kitambaa laini, sugua kwa kuzungusha, bila haraka, mikwaruzo myepesi itaondoka. Lakini kioo cha saa za bei mbaya ni kigumu, dawa ya meno utamaliza tyubu nzima hakuna kitu. Kinachokwaruzika kwenye saa hizo ni bodi, yaani chuma kinachozunguka kioo, na cheni. Na mkwaruzo wa chuma ni shimo. Huwezi kufuta shimo, rafiki yangu. Unachoweza ni kuushusha uwanja wote mpaka ulingane na shimo. Ukipiga polishi leo, na mwakani tena, kona zinaviringika, maandishi ya nyuma yanafifia, na saa inabaki kama sabuni iliyoogewa na familia nzima. Yule kijana aliyesugua ya kwake kwa stili waya ya kusugulia sufuria, sitamtaja jina, anajijua, na mama yake anajua stili waya ilipotelea wapi.

Sasa nije kwa Baba Paulina.

Baba Paulina ni mkulima wa Mutuka, mahindi na mbaazi, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Binti yake Paulina aliolewa na Godlisten, Mchaga, dalali wa madini anayeishi Arusha. Kijana mzuri, mcheshi, mwenye saa ya maana mkononi. Paulina alipojifungua mtoto wa kwanza, Godlisten alikuja Mutuka na zawadi kwa baba mkwe: saa ya aina ile ile ya kwake. Alimvisha mwenyewe mbele ya wageni. Akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakaipitishia macho, na jirani mmoja akasema kwa thamani ya saa ile angejenga bafu.

Hayo maneno ya bafu ndiyo yaliyoharibu. Wageni walipoondoka, Baba Paulina aliivua saa, akaitia ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo la kahawa, kopo ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda, na ufunguo akaufunga kiunoni.

Siku moja, nikiwa bado kazini, akaja mezani kwangu. Nilimwamkia, akaitika, akakaa kwenye stuli na kufungua soksi.

"Mama Daniel, imekufa," akasema. Wakubwa wenzangu wananiita kwa jina la mwanangu. "Haijavaliwa hata siku moja, na imekufa."

Niliitikisa kidogo, nikaiweka sikioni. Ikaanza kutembea. Nusura anibusu.

Nikamweleza. Saa ile haina betri. Ndani yake kuna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotembea, na kule kuzunguka ndiko kunakoijaza. "Hii inakula mkono wako, Baba Paulina. Ukiifungia sandukuni, inalala."

"Yaani niivae?"

"Uivae."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alinitazama kama niliyemwambia alime akiwa na suti ya harusi. Nilitaka kuibandua ile nailoni akaudaka mkono wangu. Akaivaa na nailoni yake, akaenda zake ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia.

Hazikupita wiki nyingi, bajaji ikasimama mbele ya baraza, akashuka mkewe, Mama Paulina, na khanga ameikaza kwa ajili ya vita.

"Mama Daniel, nirudishie mume wangu."

Nikamwambia akae. Akakataa kukaa.

"Hashiki jembe. Hakamui. Anakaa kwenye kiti mlangoni, mkono ameuweka juu ya mto. Mto, Mama Daniel! Mto wa kochi! Wakati wa kula ananawishwa mkono mmoja kama maharusi. Usiku mkono unalala nje ya blanketi. Magugu yameingia mpaka kizingitini, ng'ombe namkamua mimi, na mgongo wangu unaujua. Na zaidi ya hayo, saa yenyewe inachelewa!"

Nilicheka mpaka Zakaria akaacha kushona kiatu cha mtu. Bila shaka inachelewa. Mtu asiyesogea atajazaje saa? Nikamwambia Mama Paulina, "Kamwambie nimesema hivi: saa inataka kazi. Akipasua kuni avue, akigonga nyundo avue, mashine haipendi mshtuko. Lakini kukamua, kulisha, kuteka maji, kwenda kanisani, aivae. La sivyo itamfia mkononi."

"Na ikikwaruzika?"

"Itakwaruzika."

"Unalisema kirahisi hivyo?"

"Mkwaruzo wa kwanza unauma. Wa pili hutaugundua mpaka kesho yake."

Akaondoka ameridhika nusu. Baadaye nikasikia Baba Paulina amerudi zizini, na nikajiona fundi hodari niliyetengeneza saa na ndoa kwa wakati mmoja.

Pasaka ilipokaribia, mvua zikiwa zimekolea na barabara ya Mutuka imekuwa uji, Baba Paulina akaja tena. Mkono wa sweta ameuvuta mpaka kwenye vidole. Alimtazama Zakaria, akaniinamia.

"Mwambie huyu akanywe chai."

"Huyu ni shahidi, Baba Paulina. Unajua utaratibu wetu."

"Leo mwambie akanywe chai."

Zakaria akaenda, ingawa sikio alituachia. Baba Paulina akavuta sweta. Ubavuni mwa saa, kuanzia penye kona ya juu mpaka kwenye kibanio cha cheni, kulikuwa na mkwaruzo mrefu, mpana, wenye kina. Nailoni imechanika na kuning'inia. Nimeona mikwaruzo mingi, lakini ule hata mimi nilitoa mguno.

"Huu wa wapi?" nikamuuliza.

"Bibi Harusi," akasema.

Bibi Harusi ni ng'ombe. Godlisten alipolipa mahari, pamoja na mambo mengine alileta ng'ombe wa maziwa kutoka kwao Kilimanjaro, mtamba mwekundu mwenye afya, na Mama Paulina akampa jina hilo kwa sababu aliingia nyumbani siku binti anatoka. Maziwa anatoa. Adabu hakuja nayo. Baba Paulina alikuwa anamwekea pumba, Bibi Harusi akarusha kichwa, mkono ukabanwa kati ya shingo yake na hori la saruji, na saa ikasuguliwa hapo mwanzo hadi mwisho.

"Basi ni mkwaruzo," nikasema. "Mkono mzima?"

"Mama Daniel, huelewi." Akainama zaidi kwangu. "Godlisten anakuja Pasaka. Atauona, ataniuliza. Nikisema ukweli, ng'ombe wake ameharibu saa yake, nimesema nini hapo? Nimelalamikia mahari! Mtoto ameshazaliwa, mimi leo nasema ng'ombe mliyenipa ni mkorofi? Wazee wa kwao watasemaje? Na nikidanganya, Paulina yupo pale pale, anamjua ng'ombe. Binti yangu ndiye anayekaa kule. Neno lolote nitakalolitoa mimi, litamkuta yeye." Akaisukuma saa kwangu. "Ufute. Nakuomba."

Hapo sikucheka tena. Nilimwona mtu mzima, baba wa binti, anaogopa kweli, na aliyemwogopea hakuwa yeye mwenyewe. Na niseme wazi, ningeweza kuijaribu ile kazi. Nilikuwa na polishi, nilikuwa na brashi. Mteja anaomba, fundi anafanya, ndivyo wengi wanavyokula.

Nikamwonyesha kwa kidarubini. "Tazama kina chake. Ili huu upotee, nishushe ubavu wote. Kona hii kali itaviringika. Na mkweo kazi yake ni nini?"

"Madini."

"Anakula kwa kutazama kona za vijiwe vidogo kuliko punje ya ulezi. Utamficha kona ya saa ambayo yeye anayo pacha wake mkononi? Ataona imesagwa. Atajiuliza imesagwa kwa nini. Sasa hivi una mkwaruzo. Nikisaga, utakuwa na mkwaruzo na siri."

"Kwa hiyo hufuti."

"Sifuti."

Alikasirika. Sijawahi kumwona amekasirika, lakini alisimama mpaka stuli ikaanguka. Nilimwomba aniachie dakika chache tu niisafishe, akaniachia bila kunitazama. Nikabandua nailoni yote. Chini yake jasho lilikuwa limeanza kuacha madoa. Nikaisugua kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni, kwenye kila pingili, nikaikausha. Ikang'aa vizuri sana, na mkwaruzo wake ukang'aa nao. Akaichukua, akavuta sweta, akaondoka bila kuaga.

Pasaka hiyo niliila kwa shida. Wali ulikuwepo, kuku alikuwepo, lakini kila nikimwona mtu na mkwewe kanisani roho inaniruka. Nilijisemea, Mama Daniel, ujuaji wako utamvunjia mtoto wa watu nyumba. Hata nyie, mkishauri watu, mjue usingizi unaweza kukatika.

Baada ya sikukuu, nilikuwa ndiyo kwanza napanga meza, nikawaona wanakuja. Baba Paulina mbele, Godlisten nyuma, wote na buti za matope. Nikajua nimekwisha.

"Shikamoo mama," Godlisten akasema.

"Marahaba, baba. Habari ya Pasaka?"

"Nzuri. Mama, ni wewe uliyekataa kuufuta mkwaruzo wa saa ya baba?"

Zakaria aliacha sindano ndani ya kiatu.

"Ni mimi," nikasema.

Godlisten akavuta stuli, akakaa. "Mama, hii saa nilimvisha kwa mkono wangu. Nilipokuja mara ya kwanza baada ya hapo, hajaivaa. Mara ya pili ameivaa, imebandikwa nailoni, na mkono juu ya mto. Nilirudi Arusha sina raha. Nikamwambia Paulina, 'Baba yako hajanipokea. Ile saa anaitunza ili siku moja anirudishie.' Kwa sababu kitu chenye nailoni, mama, ni kitu ambacho mtu bado anaweza kukirudisha dukani."

Nilimtazama Baba Paulina. Alikuwa anatazama buti zake. Kumbe wakati yeye anaogopa kumkosea mkwe, mkwe naye alikuwa anahesabu siku za kurudishiwa vyake. Na Paulina masikini katikati, analala na hofu ya pande zote mbili.

"Juzi," Godlisten akaendelea, "ananipa mkono, sweta likapanda. Nikauona. Nikamuuliza, 'Baba, umegonga wapi?' Paulina ameshika sahani hewani. Baba anavuta sweta chini. Mama ndiye akasema, 'Bibi Harusi.'"

"Ukafanyaje?" nikauliza. Nilisahau hata kuwa nina hofu.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini! Mama, yule ng'ombe siku tunamleta Mutuka alimwangusha mshenga wetu kwenye mtaro na suti yake. Kwetu sote tunamjua, tuliona aibu tu kusema, tukaogopa baba atamkataa. Nikamwambia baba, 'Niliposikia hajakuumiza miaka yote, nilifikiri amebadili dini.' Baba akacheka. Mimi tangu nimwoe Paulina sijawahi kumsikia baba anacheka."

Baba Paulina akakohoa. "Nilikuwa nacheka ndani," akasema.

Mimi nilikuwa nimetoa leso, nafuta macho, na sikujali nani ananiona. Nilifurahi kama mzazi. Nikawauliza wamefuata nini sasa, saa inachelewa, au mkwe amekuja kuomba mkwaruzo ufutwe?

"Hapana mama, tusiufute," Godlisten akasema. "Tumekuja kukuonyesha tu."

Akakunja mkono wa shati lake zuri la Arusha. Ile saa yake, pacha ya ile nyingine, niliyokuwa nikiiona ikipita mjini kila akija ukweni, haina hata doa, ilikuwa na mkwaruzo mbichi kabisa ubavuni, kuanzia kona ya juu mpaka kwenye kibanio, na kwenye kidole gumba kuna plasta.

Zakaria akashindwa kuvumilia. Akainuka na kiatu mkononi. "Na huo nao wa wapi?"

Godlisten alifungua mdomo, lakini Baba Paulina alimtangulia. Mtu yule wa maneno machache alisema kwa sauti mpaka wauza nyanya wakageuka.

"Ng'ombe wangu huyo! Nimemwambia asimsogelee, hasikii!"